Mtiki, mvule, mninga au paini ya dawa: mbao ipi kwa benchi la kukaa nje mwaka mzima?

Kivuli_cha_Mti

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijagusa msumeno. Nataka kutengeneza mabenchi mawili na meza moja, vyote vikae nje bila paa: jua la kutwa, mvua, na ardhi yenye mchwa. Benchi langu la kwanza lilikuwa la mvule, au ndivyo nilivyoambiwa nilipokuwa nanunua. Baada ya misimu mitatu ya mvua miguu ya nyuma ililainika kama sabuni. Nilichomeka bisibisi ikazama hadi nusu. Kinachonishangaza ni kwamba mbao za kukalia ni nzima mpaka leo, zimegeuka kijivu tu. Sasa nimebaki na chaguo nne: mtiki, mvule tena, mninga, au paini iliyotiwa dawa. Ipi itadumu?

Randa_na_Patasi

Ndugu, hilo benchi limeshakujibu nusu ya swali. Mvule hauozi upesi, lakini sifa hiyo ni ya kiini chake, ile sehemu ya ndani inayoanza na rangi ya manjano kisha inakolea kuwa kahawia. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome haidumu nje, na hilo halichagui mti. Mti ukiwa hai, sehemu hiyo nyeupe ndiyo inayopandisha maji na kuhifadhi wanga, kwa hiyo kuvu na bungua hukuta chakula kipo tayari. Kiini, kwa upande wake, mti umekijaza kemikali zake wenyewe, na hizo ndizo zinazowafukuza wadudu. Chonga kidogo ule mguu uliooza, pale juu palipobaki pagumu. Ukikuta upande mmoja una rangi ya krimu, umepata mkosaji.

Ukitaka mpangilio, kiwango cha Ulaya cha EN 350 hupanga mbao kwa madaraja matano ya kustahimili kuoza, la 1 likiwa la juu kabisa. Mtiki uliokomaa uko daraja la 1. Mvule 1 hadi 2. Mkangazi uko la 3, ndiyo maana mimi siuweki mvuani ingawa ni mzuri mno ndani ya nyumba. Paini isiyo na dawa ni 3 hadi 4. Lakini kumbuka, madaraja yote hayo yanapima kiini tu.

Mama_Bustani

Mimi nitasimama na mtiki. Viti vyangu vina mwaka wa kumi na moja nje na sijawahi kuvipaka chochote. Vimekuwa rangi ya fedha, navisugua kwa brashi laini na maji ya sabuni mara moja kwa mwaka, basi. Huo ukijivu si ugonjwa. Ni jua linavunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mbao, ya juu juu tu, ndani mbao iko vilevile. Ukiupenda uache.

Mpanda_Miti

Dada, hongera, ila vyako bila shaka vilitoka kwenye miti iliyokomaa. Watu wananunua jina "mtiki" bila kuuliza umri. Mashamba ya mitiki hupunguzwa miti ili mingine inenepe, na ile inayotolewa ikiwa michanga huingia sokoni kwa jina lilelile. Gogo changa lina kiini chembamba na duara pana la nyeupe, na hata hicho kiini mara nyingi hakijashiba yale mafuta yanayoupa mtiki sifa. Angalia ncha ya ubao, si uso wake. Uso unaweza kupakwa rangi. Ncha inakuonyesha kiini kimeishia wapi.

Kuhusu mninga, nadhani mnaupita haraka. Nguvu yake kubwa ni utulivu. Ukikauka husinyaa kidogo sana ukilinganisha na mbao nyingi, na ukishatulia haupindi ovyo, jua liwake mvua inyeshe. Kwa meza, ambako mbao pana zikijikunja hata kidogo kikombe kinayumba, sioni wa kuushinda. Kiini chake hustahimili mchwa vizuri. Kitu kimoja tu: mwaka 2022, katika mkutano wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) uliofanyika Panama, mninga na jamii zake za Afrika, pamoja na mkongo (mbambakofi) na mkangazi, viliingizwa kwenye Kiambatisho cha II. Maana yake biashara ya kuvuka mipaka inataka kibali. Ni mti unaokua polepole na umekatwa mno, kwa hiyo uliza mbao zimetoka wapi. Mimi huuliza kila mara, na muuzaji akikosa jibu naondoka.

Kivuli_cha_Mti

@Randa_na_Patasi nimetoka kuchonga sasa hivi. Ni krimu, karibu nusu nzima ya mguu. Nilidhani ni uzuri wa mbao, ile michirizi miwili ya rangi. Nimeumia, kwa kweli, maana nilitumia wikendi nne kulitengeneza.

Fundi_wa_Paini

Pole sana mkuu. Naomba niitetee paini, maana hapa inatajwa kama chaguo la mtu aliyekosa. Kwenye paini mambo yanageuka: ile sehemu nyeupe ndiyo inayokunywa dawa vizuri, kiini chake ndicho kinachoikataa. Kwa hiyo paini ya sehemu nyeupe iliyotiwa dawa kwa shinikizo, ndani ya mtungi, inaweza kukaa hata ardhini kuliko kiini cha miti mingi inayosifiwa. Iliyochovywa tu kwenye pipa au kupakwa kwa brashi si kitu kimoja nayo. Dawa imeishia kwenye ngozi.

Mambo matatu lazima uyajue. Kwanza, ukikata ubao umefungua ndani ambako dawa huenda haikufika, kwa hiyo kila ncha mpya ipake dawa ya mbao kabla ya kuunga. Pili, dawa nyingi zina shaba, na shaba inakula misumari ya kawaida. Tumia skrubu za chuma cha pua au zilizochovywa kwenye zinki ya moto. Tatu, usichome vipande vilivyobaki, wala usivitumie kupikia. Dawa ya zamani ya shaba, kromiamu na aseniki ilizuiwa kwa matumizi mengi ya nyumbani huko Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 2003 na 2004, lakini mbao zake bado zipo, na jivu lake ni sumu.

Mama_Bustani

Sasa juu ya meza, pale watoto wanapowekea chakula, utaweka paini ya dawa kweli?

Fundi_wa_Paini

Hapana mama, hapo hapana. Ningeiweka kwenye miguu na fremu ya chini tu. Uso wa meza uwe wa mbao isiyohitaji dawa.

Randa_na_Patasi

Tumekubaliana basi, na hapo ndipo ninapotaka kuongezea. Kuvu haliozeshi mbao kavu. Mbao ikibaki chini ya unyevu wa asilimia 20 hivi, kuoza hakuanzi. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila fundi huwa ni hili: maji yatatokaje? Jina la mti linafuata.

Ubao hunywa maji kwenye ncha zake kwa kasi kubwa kuliko kwenye uso, kwa sababu hapo vile virija vya mti vimekatwa wazi. Mguu wa benchi uliosimama kwenye udongo ni ncha inayonyonya usiku kucha. Miguu yako iliyooza ilikuwa na makosa mawili pamoja, weupe na udongo. Safari hii isimamishe juu ya jiwe au kiatu cha chuma, iinuke sentimita tatu nne, na nyayo zake zishibishe epoksi nyepesi mara mbili tatu mpaka zikatae kunywa. Kwa mchwa vilevile inasaidia, maana utaiona njia yao ya udongo inapanda kabla hawajafika.

Mbao za kukalia ziachie nafasi ya milimita 6 hivi kati yake, ziinamie nyuma kidogo, na kingo za juu zizungushe kwa randa ili tone lisikae. Tundu la kiungo lisiwe kikombe: toboa kijitundu chini yake maji yatoke. Na usifunge chuma tupu kwenye mwaloni, mtiki au mvule. Tanini ikikutana na chuma na maji utapata madoa meusi kama wino. Yakishatokea, asidi ya oksaliki huyaondoa, ukivaa glavu.

Kwa mvule, jihadhari na msumeno. Ndani yake huwa na mawe ya kalisi yanayong'oa meno, na vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Vaa barakoa. Mtiki nao unamaliza makali upesi, na mafuta yake yanakataa gundi, hivyo futa kiungo kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka.

Kivuli_cha_Mti

Nimeandika yote. Uamuzi wangu: uso wa meza mninga, wenye asili inayojulikana. Mabenchi mvule, kiini kitupu, nami nitaangalia ncha ya kila ubao kabla ya kulipa. Zile mbao za kukalia za benchi la kwanza nitazirandia nizitumie tena. Kumalizia nimefikiria vanishi.

Mpanda_Miti

Acha vanishi mkuu. Juani inapasuka, maji yanaingia chini yake na hayatoki, halafu unakaa siku nzima unaikwangua. Paka mafuta, yarudie mara moja au mbili kwa mwaka, au uache iwe kijivu kama ya dada.

Mama_Bustani

Na ukitumia mafuta ya kitani, usiyakunje matambara uliyopakia ukayatupa kwenye pipa. Yanajipasha moto yenyewe mpaka yanawaka. Yatandaze nje yakauke moja moja, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji.