Anaona vizuri na mkono una nguvu, lakini akinyoosha mkono anakosea: tatizo liko wapi?

Muuliza swali

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi kwa wenye ujuzi wa magonjwa ya neva. Mama yangu mkubwa alipata kiharusi kilichoathiri sehemu ya nyuma ya nusu ya kushoto ya ubongo. Nguvu za mkono wa kulia zimerudi karibu zote, na daktari wa macho aliyempima hakuona kasoro. Hata hivyo, akitaka kushika kikombe kilicho kuliani kwake huku macho yake yakitazama mbele, mkono hupita kando ya kikombe na vidole hufunguka kupita kiasi. Ukimwambia aguse pua au goti lake, hakosei. Inawezekanaje mtu akione kitu, akitaje kwa jina, na bado mkono ushindwe kukifikia?

Mtaalamu wa fiziotherapia

Pole kwa kumuuguza mama mkubwa. Unayoyaeleza yanafanana sana na hali iitwayo ataksia ya optiki, ambayo daktari wa Hungaria, Rezső Bálint, aliieleza mwaka 1909. Mgonjwa wake alikosea alipovifikia vitu kwa mkono wa kulia, lakini kwa mkono wa kushoto alivipata. Na mkono huohuo wa kulia uligusa sehemu za mwili wake bila shida. Kwa kuwa macho yaliyouongoza mkono mmoja ndiyo yaliyouongoza na mwingine, na kwa kuwa misuli ilikuwa na nguvu, kasoro ilibidi itafutwe katikati, pale ambapo habari za macho hugeuzwa kuwa amri ya mkono.

Pale ni sehemu ya juu na ya nyuma ya lobu ya parietali, yaani eneo la ubongo lililo juu kuelekea kisogoni. Jicho hutoa habari za mahali kitu kilipo kwa kulinganisha na mtazamo wa jicho lenyewe, ilhali mkono unahitaji kujua kitu kiko wapi kutoka begani na kutoka pale kiganja kilipo sasa. Macho na kichwa hugeuka kila mara, kwa hiyo hesabu hii hufanywa upya bila kukoma, nasi hatuitambui mpaka iharibike. Pua na goti havimsumbui mama kwa sababu mahali pake hujulikana kwa hisia za mwili wenyewe, pasipo msaada wa macho.

Daktari mwanafunzi

Maelezo hayo ni mazuri, ila ningependa tusifikie uamuzi mapema, kwa maana mikono hukosea kwa njia nyingi. Serebelamu, yaani ubongo mdogo ulio kisogoni, ikiumia, mkono hupitiliza au huishia njiani, na hutetemeka zaidi kadiri unavyokaribia kitu. Mgonjwa wa aina hiyo hukosea hata pua yake. Daktari wa neva Gordon Holmes aliyaeleza hayo mwaka 1917 kutokana na askari waliopigwa risasi kisogoni, na mwaka uliofuata akaandika kuhusu askari wengine walioshindwa kukadiria kwa macho mahali vitu vilipo. Njia za neva ziendazo kwenye misuli zikikatika, tatizo huwa ni udhaifu, na mara nyingi kiwiko hujikunja chenyewe mgonjwa anapoinua bega. Wako pia wanaopuuza upande mmoja kabisa, ambao hata hawajaribu kunyoosha mkono kwa sababu kwao kitu hicho ni kama hakipo.

Je, mkono wake hutetemeka? Akigeuza kichwa na kukitazama kikombe moja kwa moja, hukipata? Na akitumia mkono wa kushoto upande uleule wa kulia, hali huwaje?

Muuliza swali

Hautetemeki. Akikitazama moja kwa moja hukipata karibu kila mara. Mkono wa kushoto nao hukosea upande wa kulia, ingawa kidogo kuliko wa kulia.

Mtaalamu wa fiziotherapia

Basi mambo yanazidi kuelekea kwenye parietali. Mwaka 1988 watafiti Perenin na Vighetto walionyesha kwamba wenye majeraha ya upande wa kushoto hukosea kwa mikono yote miwili katika nusu ya kulia ya uoni, yaani eneo lililo kulia kwa mahali macho yanapotazama, na mkono wa kulia huongeza kosa lake wenyewe juu ya hilo.

Jambo linalonishangaza zaidi katika ugonjwa huu ni kwamba baadhi ya wagonjwa, wakionyeshwa kitu, kikaondolewa, kisha wakasubiri sekunde chache kabla ya kunyoosha mkono kuelekea kilipokuwa, hukosea kidogo kuliko wanapokifikia papo hapo. Inaelekea kumbukumbu ya mahali pa kitu hupita njia nyingine ya ubongo, iliyo chini zaidi, ambayo haikuumia. Kinyume chake ni mgonjwa ajulikanaye kwa herufi D.F., aliyeumizwa na hewa ya kaboni monoksaidi: hakuweza kusema mwanya umeelekea upande gani, lakini aliingiza kadi ndani yake kwa usahihi.

Kwa utendaji wa kila siku, mzoesheni kugeuza kichwa na macho kwanza, kisha mkono ufuate taratibu. Kasi ndiyo adui hapa, kwa kuwa kitu kikisogezwa mkono ukiwa njiani, marekebisho ya haraka ambayo sisi hufanya bila kufikiri yeye huenda hana. Kutelezesha mkono juu ya meza hadi uguse kitu nako husaidia. Vyombo vya moto na visu visikae kuliani kwake.

Daktari mwanafunzi

Ninaongeza moja tu: mwombeni daktari wa neva apime kila mkono katika kila nusu ya uoni, macho yakiwa yametulia mbele. Vipimo vya kawaida humruhusu mgonjwa kukitazama kitu, na akikitazama, kasoro hii hujificha.