Tupeane uzoefu: uliyebadilisha prosesa kwa ajili ya magemu, hela yako ilienda kihalali?

KoroshoGhafi:
Wakuu salaam. Nipo Mtwara mjini, Chikongola. Malipo ya korosho za mzee yameingia, na kwa kuwa kupalilia na kuokota nilikuwepo, kuna kafungu kangu. Nataka nikaingize kwenye PC kabla ndugu hawajasikia.

Nina Dell OptiPlex 9020 ile ya mnara, mtumba wa ofisini: prosesa ya Intel i5-4570, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 8, kadi ya grafiki GTX 1050 Ti. Nacheza EA FC ya mpira, GTA V na Counter-Strike 2 ya kupigana risasi. Kwenye Counter-Strike ndiyo kuna kwikwi: watu wakikutana na moshi ukirushwa, picha inaganda, ikirudi nishakufa. Fundi mmoja hapa mjini ananiambia toa i5 weka i7-4770. Jamaa yangu wa Dar anasema nisiweke hata mia kwenye hiyo Dell, nihamie Ryzen, prosesa za AMD. Kila mtu anapanga kama hela ni yake.

Naomba waliopitia: ulikuwa na nini, ukaweka nini, kilibadilika nini? Wale wa "nimesikia" wapishe kwanza.

Pwani ya Mtanda:
Lindi hapa. Nilikuwa na mashine kama yako kabisa, nikaweka hiyo hiyo i7-4770. Niliagiza Kariakoo, ilinitoka laki na thelathini pamoja na kutumiwa kwa basi. Inakaa soketi (tundu la prosesa kwenye bodi) ile ile, ni kufungua feni, kubadilisha, kupaka pesti mpya ya kupitisha joto, basi.

Zote mbili zina kori 4, yaani vichwa vinne vya kufanya kazi. Tofauti ni kwamba i5 ina thredi (kazi inazobeba kwa mpigo) 4 na i7 ina thredi 8, na spidi ya juu inatoka GHz 3.6 inakuwa 3.9. Kwenye GTA V wastani wa fremu (picha kwa sekunde) haukupanda sana, ila nikiendesha gari kasi katikati ya mji ile kwikwi iliisha. EA FC sikuona tofauti yoyote, ilikuwa fremu 60 na ikabaki 60. Kwangu ilistahili kwa sababu mdogo wangu alichukua ile i5 kwa hela nzuri. Bila hivyo ningefikiria mara mbili.

Bisibisi Masasi:
Mkuu Ghafi, kabla hujatuma hela popote, jibu haya: RAM yako ni kipande kimoja cha 8 au vipande viwili vya 4? Na lini mara ya mwisho umefungua hiyo mashine?

Nauliza kwa sababu kazi yangu ndiyo hii. Vijana wananiletea kompyuta wakitaka prosesa, nusu yao wanaondoka na prosesa ile ile. RAM ikiwa kipande kimoja, inafanya kazi kwa njia moja, prosesa inakaa inasubiri data. Ukiongeza kipande kingine kinachofanana unapata njia mbili, na magemu yanayoitegemea prosesa ndiyo yanayofaidi zaidi. Tena 8 kwa magemu ya sasa ni ndogo. DDR3, aina ya RAM ya mashine yako, ya mtumba siyo ghali.

Pili ni joto. Hizi Dell zimetoka Ulaya zikiwa na pesti ya kiwandani ya 2013 au 2014, imekauka imekuwa unga. Ongeza vumbi letu, na nyie wa mjini mna chumvi ya bahari. Prosesa ikikaribia sentigredi 100 inajipunguzia spidi yenyewe ili isiungue, na wewe unaona kwikwi. Kuna moja ililetwa toka Newala, feni imeziba nyuzi za vumbi kama kiota cha kuku. Kusafisha na pesti tu, ikaacha kuganda. Mwenyewe alikuwa keshatenga hela ya i7, akaondoka kanywea chai.

Sasa kipimo, hiki ni bure. Zima ile V-Sync inayofunga fremu zisizidi kasi ya skrini, washa gemu, kisha angalia Task Manager ya Windows au programu ya MSI Afterburner. GPU (kadi ya grafiki) ikisoma asilimia 97 mpaka 99, kadi ndiyo imefika mwisho, prosesa mpya haitakusaidia kitu. GPU ikisoma 50 au 60 na bado kuna kwikwi, hapo kuna kitu kinaichelewesha, na mara nyingi ni prosesa. Ukitaka uhakika zaidi, shusha ukali wa picha toka 1080 hadi 720. Fremu zisipopanda, prosesa ndiyo imebana. Usidanganywe na asilimia ya CPU kwa ujumla: inaweza kusoma 40 huku kori moja inalia peke yake.

KoroshoGhafi:
Fundi asante. Nimepima usiku huu. RAM ni vipande viwili vya 4. GTA V na EA FC kadi inasoma 98. Counter-Strike inasoma 60 hivi, na nikishusha hadi 720 fremu hazisogei. Kori zote nne zimejaa. Joto 78.

Bisibisi Masasi:
Basi hapo ni prosesa kweli, lakini kwa Counter-Strike tu. Kwa hayo mengine mawili utakuwa umenunua kitu ambacho hakitaonekana. Jiulize unacheza lipi zaidi.

Mama Gemu Nachingwea:
Mimi nina kibanda, wateja wangu ni wa EA FC asubuhi mpaka jioni. Niliweka prosesa kubwa kwenye mashine moja, zingine nikaziacha. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniambia "mama naomba ile yenye kasi". Wanagombania yenye padi isiyoteleza! Skrini zangu zote ni za hezi 60, zinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, hata mashine ikitoa fremu 120 jicho linapata 60. Hela iliyobaki nikanunua UPS, betri ya akiba, maana umeme ukikatika mechi ikiwa dakika ya 85 unarudisha hela ya watu na matusi juu.

Kwa hiyo mwanangu angalia na skrini yako.

Daftari la Ligula:
Kwa sisi wa Football Manager, gemu la kuwa kocha, hadithi ni nyingine. Kadi ya grafiki haina kazi kubwa, kinachoumiza ni kusubiri siku zipite ukiwa umepakia ligi nyingi. Mume wangu alinitoa i3 ya kizazi cha 4 akaniwekea i7. Zamani nilikuwa nabonyeza naenda kugeuza samaki jikoni, sasa sipati muda huo. Mchezo mmoja prosesa ni kila kitu, mwingine si kitu.

Mzigo Umefika:
Niongeze upande wa Ryzen maana hakuna aliyeugusa.

Nilianza na Ryzen 3 1200 kwenye mazabodi (bodi kuu) ya B450. Baadaye nikaweka Ryzen 5 5600 kwenye bodi hiyo hiyo, RAM ile ile, kadi ile ile. Toka kori 4 thredi 4 hadi kori 6 thredi 12. Hapo sihitaji kupima, tofauti ilikuwa ya usiku na mchana. Soketi yake ya AMD inaitwa AM4, Ryzen za kwanza ziliingia humo 2017, na 5600 iliyotoka 2022 bado inakaa humo humo. Sharti ni uapdeti BIOS, ile programu ya kwenye bodi inayowasha mashine, kabla ya kutoa prosesa ya zamani, la sivyo unawasha unakutana na giza. Na soma jina vizuri: 5500 na 5600 zinafanana kwa macho, lakini 5500 ina kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) ya MB 16 na 5600 ina 32. Kwenye magemu inaonekana.

Ila Ghafi, wewe hauko kwenye AM4. Kwako "kuhamia Ryzen" siyo kununua prosesa. Bodi ya Dell yako inatumia RAM ya DDR3, ya AM4 inataka DDR4. Pawa saplai ya 9020 ina plagi yake ya pini 8, haiingii kwenye bodi za kawaida. Kwa hiyo ni prosesa, bodi, RAM, pawa saplai na pengine kasha. Kitakachohama ni kadi, diski na kibodi. Jamaa yako wa Dar amekutajia bei ya bibi harusi, hajakutajia wapambe.

Pwani ya Mtanda:
Hapo kwenye wapambe nakazia. Na kuna la Windows: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8. i7-4770 ni kizazi cha 4, kwa hiyo hiyo laki na thelathini haikuvushi huko.

KoroshoGhafi:
Dah. Kwa hiyo i7 inatibu gemu moja kwa bei ndogo, Ryzen inatibu hilo hilo na la Windows, kwa bei inayonimaliza kafungu. Nacheza Counter-Strike karibu kila siku, EA FC wikiendi. Naegemea i7, hiyo Ryzen naiwekea akiba msimu ujao korosho zikikubali. Nani anajua kutuma toka Dar kwa usalama?

Mzigo Umefika:
i7 haina taabu kwa sababu pini za Intel ziko kwenye bodi. Mwambie muuzaji aiweke kwenye kile kikasha chake cha plastiki, asiifunge na gazeti. Ryzen yangu pini ziko chini ya chipu yenyewe, ilikuja kwenye bahasha tupu Mei 2024, wakati mvua za kimbunga Hidaya zimekata barabara kule Somanga. Ilifika na pini zimelala upande mmoja. Nilizinyoosha na ncha ya penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi, taratibu, moja moja, huku mke ananiuliza kama nashona. Na ukiipokea stendi, fungua hapo hapo mbele ya konda.