Wauza spea na mafundi, hiyo "inaingia" yenu nusura ituue na Land Rover 109 ya marehemu baba

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Mtu akiuliza kama spea ni ya gari yake, jibu lenu ni moja: "inaingia".

Jumamosi iliyopita nilikuwa nashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo na 109, ile Land Rover ndefu ya zamani, aliyoniachia marehemu baba. Wanaoijua ile barabara wanaijua: upande mmoja mlima, upande mwingine korongo, kona baada ya kona. Tumeshaipita Soni, nakanyaga breki, pedali inazama mpaka kwenye bati. Napampu, inazama tena. Pembeni yangu amekaa mama yangu mzazi, ana miaka 71, kapakata kikapu cha mapeasi.

Tumepona kwa sababu nilikuwa gia ya pili, na kwa sababu breki ya mkono ya 109 haina undugu na ya mguu. Haishiki tairi. Ina duramu lake peke yake nyuma ya giaboksi, pale propela ya nyuma inapoanzia. Nikaivuta kidogo kidogo, nikarudi gia ya kwanza, nikailaza gari kwenye ukingo wa mlima mpaka ikasimama. Mama alishuka, akakaa juu ya jiwe, akaniuliza swali moja tu: "Baba yako aliishuka hii njia miaka mingapi?"

Zaidi ya 30, mama. Kwa gari hii hii.

Ni Series III ya 1974, injini ya petroli. Mzee alikuwa bwana shamba, aliinunua kwenye mnada wa serikali, akaitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Mimi nimekaa nayo miaka miwili tu tangu tumzike, na katika hiyo miaka miwili imeguswa na mafundi watatu. Kila mmoja kaacha jeraha lake.

Nilipoingia chini nikakuta tairi la mbele kushoto limelowa mafuta ya breki. Nati ya bomba inayoingia kwenye silinda ya tairi, ile inayosukuma breki, imechomoka na nyuzi zake za kuskurubia zimesagika kabisa. Hapo nikakumbuka. Miezi miwili nyuma lile bomba lilikuwa limeoza kwa kutu, nikalipeleka libadilishwe. Fundi akaniambia: "Bosi, nati za hii gari hazipatikani siku hizi. Nimeweka za Toyota, zimeingia freshi." Nikamlipa, nikamshukuru.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapofia. Nati ya breki ya Series ni ya inchi: kipenyo 3/8, yaani milimita 9.5, nyuzi 24 kwa kila inchi. Ile ya Toyota ni milimita 10, na kutoka uzi hadi uzi ni milimita 1. Ukipiga hesabu ya ile ya inchi, kutoka uzi hadi uzi unapata milimita 1.06. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa mkono, ile ya 10 inagoma kidogo, na fundi asiyepima anadhani ni uchafu. Huyu wangu alipitisha tapu ya 10, kile chuma cha kukatia uzi ndani ya tundu, kwenye silinda "kusafisha uzi". Hakusafisha kitu. Alikata uzi mpya juu ya uzi wa zamani, kikabaki chuma kilichochanganyikana, si cha inchi wala si cha milimita. Nati ikakaza, spana ikagoma, akaridhika. Ikavumilia miezi miwili ya tambarare, ikaachia siku ya mteremko. Na gari ya mzee ina mkondo mmoja tu wa breki, kwa hiyo bomba moja likiachia umepoteza tairi zote nne.

Na hata kama uzi ungekuwa sawa, alitazama mdomo wa bomba? Kuna mdomo uliovimba kwa nje na kuna uliokunjwa kurudi ndani. Kila mmoja una kiti chake, na ukikosea hata ukaze mpaka spana ikatike, mafuta yatapita tu. Nimemuuliza kwa simu. Hajui ninachozungumzia. Mtu anatengeneza breki za watu na hajui.

Fundi haharibu peke yake. Anaanziwa dukani. Mwaka jana nilienda duka moja Kariakoo kutafuta breki shuu za nyuma. Nikasema wazi: Land Rover 109, Series III, ya 1974. Jamaa hakuuliza swali hata moja, akatoa boksi: "Chukua, Land Rover zote moja." Nimefika nyumbani, ni za inchi 10. Hizo ni za ile fupi, 88. Duramu za 109 ni inchi 11. Tofauti ya milimita 25, na mtu anakwambia zote moja! Nimezirudisha, ananionyesha kibao ukutani: mali ikitoka hairudi. Kosa lake, hela yangu.

Fundi wa injini naye aliletewa beringi za krenki seti ya injini yenye viti vitano, yaani sehemu tano ambazo krenki inakalia. Injini za namna hii zilianza kuwa na viti vitano mwaka 1980. Kabla ya hapo ni vitatu, na gari ni ya 1974, imeandikwa kwenye kadi! Alipoona hazifanani akaniomba ruhusa ya kuchagua zinazokaribia, azipige msasa, na nyuma aweke kipande cha kopo la soda zibane. Nilimpokonya krenki mkononi.

Halafu vichwa vya boliti. Mzee ameniachia sanduku la spana za inchi, zimepangwa kwa ukubwa, kila moja kaifuta kwa oili. Kila fundi nimemkabidhi lile sanduku. Kila fundi kaliweka pembeni akachukua spana yake ya milimita 13. Boliti ya spana ya nusu inchi ina kichwa cha milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, ndiyo, lakini inacheza, na kwenye boliti yenye kutu ile nafasi ndogo inatosha kuimega kona zote. Sasa nina boliti kumi na kitu za duara, ambazo mzee alizifungua na kuzifunga miaka yote zikiwa na kona zake sita. Hili linaniuma kuliko hela.

Mnaposema "inaingia" mnamaanisha nini? Kuingia si kukaa. Kama huna vernia ya kupimia kipenyo, sema huna. Kama hujawahi kushika gari ya inchi, sema, nitakwenda kwingine na sitakudharau. Muuza duka, uliza namba ya chesisi na herufi inayoishia, maana kwenye hizi gari ile herufi ndiyo inayoonyesha mabadiliko ya kiwandani. Nimeikariri, nitakutajia.

Ninachohitaji sasa: silinda mbili za breki za mbele za 109 zenye uzi wa 3/8, nyuzi 24, na nati zake, mpya au za gari iliyokatwa, ila uzi usiwe umeguswa na tapu. Na fundi wa Tanga, Korogwe au Moshi mwenye geji ya kupimia nyuzi. Nitaomba kuiona geji kabla hajagusa gari.

Gari bado iko Soni, uani kwa mzee mmoja aliyetusaidia kuisogeza, imewekewa mawe tairi zote nne. Mama alirudi Lushoto kwa basi.