Nyumba ya Sambourne, London: nimpeleke baba?

Mtoto wa Mwalimu:
Habari wadau. Baba anakuja kunitembelea London mwezi ujao. Amefundisha historia miaka thelathini, na makumbusho makubwa alishayaona. Kuna nyumba ya enzi za Malkia Victoria huko Kensington, 18 Stafford Terrace. Kuna la maana au ni viti na mapazia tu?

Bi Ukaya:
Mpeleke, mdogo wangu. Viti vipo, vimejaa mpaka unaogopa kugeuka usije ukaangusha kitu. Lakini mwenye nyumba, Edward Linley Sambourne, aliyehamia pale na mkewe Marion mwaka 1875, alikuwa mchora katuni wa Punch, jarida la vichekesho la Uingereza. Ndiye aliyemchora Cecil Rhodes, yule mkoloni Mwingereza wa kusini mwa Afrika, mwaka 1892 akiwa ametanua miguu juu ya Afrika, mmoja Cape, mwingine Cairo, na waya wa telegrafu mikononi. Mwalimu ataijua mara moja.

Na kazi zake alizifanyia humo humo nyumbani. Mimi nilisimama sebuleni, karibu na dirisha, nikashindwa kusogea. Vyombo vya kichina vimepangwa, mke anaandika shajara yake, watoto wanakua, na baba yao anachora bara letu chini ya viatu vya mtu mmoja. Nyumba imetulia mno. Hilo ndilo lililoniuma.

Wa Bukavu:
Sisi Wakongo tunamkumbuka Sambourne kwa katuni nyingine. Mwaka 1906 alimchora Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, kama nyoka wa mpira, ule ugemwao kwenye miti, anayemnyonga mtu wetu. Mkono ni ule ule.

Mtoto wa Mwalimu:
Asanteni sana. Sikujua kabisa. Vipi ngazi? Magoti yanamsumbua.

Bi Ukaya:
Ngazi ni nyingi, piga simu kwanza uwaeleze. Akifika sebuleni tu inatosha. Mwambie atazame kuta: karatasi za bei ghali ziliwekwa panapoonekana tu, nyuma ya picha zikabaki zile za zamani. Akiweza kupanda zaidi, aone bafu ambamo Sambourne alisafishia picha zake za kamera. Mwanawe Roy aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1946, hakubadilisha karibu chochote, ndiyo maana vyote vipo.

Ichapishe ile katuni ya Rhodes uende nayo. Mkitoka, tafadhali rudi uniambie mzee alisema nini pale dirishani.