Pistoni za Forester turbo EJ205: nichukue fojdi (za kufuliwa) au za kawaida (za kumiminwa)?

chalii_sakina
Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Nina Forester SG5 ya turbo, injini EJ205, naitumia kila siku hapa Arusha na wikiendi nashuka nayo Moshi kwa wazee. Mwezi uliopita tulikuwa watu watano na mizigo tunapanda ule mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, gia ya tatu mguu umezama, nikasikia kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo, sikuachia, nikazidi kukanyaga. Kufika juu gari haina nguvu, moshi wa bluu nyuma na oili inatemwa kwenye bomba la kupumulia. Juzi fundi kafungua, pistoni namba 4 ule ukingo wa kati ya ringi ya kwanza na ya pili umemeguka kipande kama ukucha wa kidole kidogo, na ukuta wa silinda una mikwaruzo, ukipitisha ukucha unakwama. Zile tatu kwa macho ziko poa. Sasa fundi anasema ninunue fojdi yoyote ile na bloku anaipeleka kuchongwa kesho, dukani wananiambia za kawaida ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za mwanzo) zinatosha, halafu kuna jamaa ana seti iliyotumika anaiachia bei rahisi. Sibadilishi turbo wala siongezi busti (presha ya hewa ya turbo), nataka gari ya kudumu tu. Nifanyeje?

fundi_boksa
Pole sana mkuu. Kwanza kabisa mpigie fundi sasa hivi mwambie asipeleke bloku popote. Mimi hili lilinikuta na linaniuma mpaka leo, bloku ilichongwa kwa makadirio pistoni hazijafika, zilipokuja zikapwaya, injini ikawa inagonga kila asubuhi na oili inaisha, ile bloku ikaishia kwenye chuma chakavu. Pistoni zinatangulia. Zikifika kila moja inapimwa kwa maikromita kwenye sketi (ubavu wa chini wa pistoni), pale pale mtengenezaji alipoelekeza kwenye karatasi yake, ndo silinda inachongwa kuifuata pistoni itakayokaa humo. Silinda ya EJ205 ni 92 mm, ovasaizi za kiwandani ni 0.25 na 0.50, maana yake mwisho 92.50, usimruhusu mtu avuke hapo kwa sababu unakula ukuta. Ujue hata hizo za 92 Subaru wenyewe wanazigawa A na B, na tofauti yake ni kama 0.01 mm tu. Huko ndo vipimo vinapoishi, macho hayaoni.

Hilo la fojdi yoyote ile silikubali kabisa. Kuna za aloi ya 4032, ina silikoni kama asilimia 12, ikipata moto haitanuki sana kwa hiyo inakaa karibu na ukuta. Kuna 2618, silikoni karibu hamna, hiyo inavumilia kipigo na joto vizuri zaidi ila inatanuka sana, inadai nafasi kubwa, na injini ikiwa ya baridi utaisikia ko ko ko mpaka ipate moto. Wewe wa Sakina kwenda mjini na kurudi, tena asubuhi za mwezi wa saba zile, injini inafika kazini haijachemka. Kwa busti ya kiwandani mimi ningechukua za kumiminwa mpya seti nzima, hela ikiruhusu 4032. Zilizotumika achana nazo, mifereji ya ringi imeshalika.

meku_wa_rau
Nakubaliana na mkuu hapo juu karibu kote, ila mimi ningejibana nichukue 4032, maana ya kumiminwa ikipigwa na noki inameguka kama kigae, fojdi inakupa nafasi ya kusikia na kuachia mguu. Lakini chalii yangu, pistoni haikujivunja. Zile kokoto ulizosikia ndo noki yenyewe, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake. Huko juu hewa ni nyepesi, turbo inazunguka zaidi kufikia busti ile ile na hewa inaingia ikiwa na moto zaidi, hapo uweke watu watano na mlima. Kwa hiyo pima nozeli zote nne uone zinamwaga sawa, pampu ya mafuta, sensa ya noki, plagi, na mipira ya hewa kama haivuji. Namba 4 kwenye hizi EJ inajulikana kutangulia kufa. Usipopata chanzo utavunja na hizo mpya, ziwe za dhahabu.

Na ringi usiziache zifungwe zilivyotoka kwenye boksi. Itie ringi ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ishuke kama sentimita 2 na nusu ikae sawasawa, pima pengo la ncha zake kwa fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa turbo ya kutembelea yenye 92 mm ringi ya juu iwe kwenye 0.41 mpaka 0.46 hivi, ila karatasi ya pistoni zako ikisema tofauti fuata karatasi. Pengo likiwa dogo, moto ukizidi ncha zinagusana, ringi inakosa pa kwenda, inang'oa ukingo ule ule uliomegeka kwako.

chalii_sakina
Aisee asanteni sana, nimeshampigia, bloku bado iko gereji. Swali, kwa kuwa iliyokwaruzika ni moja, nichonge hiyo moja niweke pistoni moja?

fundi_boksa
Hapana, zote nne saizi moja na seti moja, uzito ulingane. Na ulizia karakana kama wana lile bamba nene la chuma la kufunga juu ya bloku kwa torki ya hedi wakati wa kuchonga na kusugua, kwa sababu bloku za boksa (silinda zimelala kutazamana kama hii yako) bolti zikikazwa silinda inajivuta haibaki duara. Wasipokuwa nalo usiwaachie. Kile kipande kilichomeguka nacho mmekiona? Kama hakipo kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) angalia bomba la ekzozi na mapanga ya turbo kabla hujafunga chochote.

chalii_sakina
Hatujakiona. Kesho asubuhi turbo inashuka.