Naomba ushauri: bosi anatoa maagizo kwa mdomo, kisha anayakana

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naombeni ushauri kwa jambo linaloninyima usingizi.

Meneja wangu hutoa maagizo kwa mdomo tu, koridoni au kwa simu. Kazi ikienda vizuri, sifa ni zake. Ikiharibika, anakana kwamba aliniagiza hivyo na kunikaripia hapo hapo kikaoni. Kufokewa mbele ya vijana ninaowasimamia ndiko kunakoniumiza zaidi, maana nao wameanza kunidharau.

Nilimfuata faraghani nikamweleza kwa heshima. Akasema mimi nina hasira za karibu. Nikaanza kumwandikia barua pepe baada ya kila agizo: "Kama ulivyoelekeza, nitafanya hivi." Hajibu hata moja, ananipigia simu tu. Kazi yenyewe naipenda, sitaki kuondoka.

Je, barua pepe zisizojibiwa zina uzito wowote nikizipeleka kwa afisa rasilimali watu? Na niende sasa, au nisubiri kwanza tathmini ya mwaka ipite, kwa kuwa yeye ndiye anayeijaza?

Natanguliza shukrani, hasa kwa waliowahi kupitia hali hii.