Ajenti anataka dipositi kabla sijaiona nyumba Kiamunyi. Nitume?

NyotaYaMumias
Hamjambo wote. Niko Mumias, nimepata kazi katika duka la dawa Nakuru mjini na naanza tarehe mosi. Nina mtoto wa miaka minne, kwa hivyo sitaki kufika nianze kutangatanga na mabegi. Nimepata nyumba kule Facebook, chumba kimoja cha kulala, Kiamunyi, 7,000 kwa mwezi. Vigae sakafuni, roshani, maji saa zote. Za aina hiyo wengine wanaitisha 12,000 kwenda juu.

Ajenti alitaka 500 za kuonyeshwa nyumba, nikatuma. Sasa anasema kuna watu wawili wanaing'ang'ania, nitume dipositi ya 7,000 kabla ya jioni anishikie, kodi ya mwezi nitalipa nikifika. Eti mwenye nyumba yuko Mombasa, pesa zote zinapitia kwake. Kilichonitia shaka ni jina lililotokea M-Pesa nilipotuma zile 500. Ni la mwanamke, na ninayeongea naye ni mwanamume. Anasema ni laini ya mkewe.

Nauli ya kuja na kurudi si kidogo na zamu zangu hapa hazijaisha. Nitume ama niache? Picha nimeweka.

MzeeWaShabab
Usitume.

JichoLaKondele
Dada, hebu vuta picha ya tatu, ile ya jikoni. Angalia soketi iliyo kando ya birika. Ina matundu mawili ya duara. Soketi za nyumba zetu zina matundu matatu ya mstatili, plagi ya pini tatu nene. Umewahi kuingia nyumba gani Nakuru ukakuta ya duara? Jiko hilo limeokotwa kwenye mtandao, na haliko Kenya.

NyotaYaMumias
Wallahi nimeziangalia hizo picha mara ishirini nikiona vigae tu.

FunguoZaNakuru
Mimi ni ajenti hapa mjini, naomba nitetee kazi kidogo. Pesa za kutembezwa zenyewe si utapeli. Nikikuzungusha nyumba tano kuanzia Section 58 hadi Naka, siku yangu imeisha na mafuta ya boda pia. Lakini mimi huzipokea tukiwa tumesimama getini, si wewe ukiwa Mumias. Mpigie simu ya video sasa hivi, umwambie asimame ndani ya hiyo nyumba afungue mfereji. Na umuulize nambari yake ya usajili. Kisheria ajenti wa nyumba anatakiwa kusajiliwa na bodi.

MzeeWaShabab
Na wewe umesajiliwa?

FunguoZaNakuru
Karatasi ziko njiani, mzee.

BabaPachaKisumu
Wanaosema "iende uione kwanza" wamesema nusu. Mimi niliiona.

Ilikuwa Mamboleo, hapa Kisumu. Jamaa alinifungulia mlango kwa ufunguo wake, tukaingia, nikafungua mfereji, nikawasha taa, hata nikajaribu choo. Alisema yeye ndiye mwenye ploti, ile nyumba anaihama mwenyewe kwa sababu amemaliza kujenga kwake. Kochi lake lilikuwa bado sebuleni. Nikamlipa 16,000, kodi na dipositi, akaniandikia risiti ya kitabu cha dukani, tena na sahihi.

Tarehe mosi nikafika na pikapu, kitanda juu, meko ya gesi nimeikumbatia. Getini nikakuta mama mmoja ameketi juu ya godoro lake, na kijana wa chuo na ndoo mbili na redio. Sote watatu tuna risiti za nyumba moja, mwandiko uleule. Yule jamaa alikuwa mpangaji tu, tena mwenye deni la miezi miwili. Alihama usiku, akaenda na ule ufunguo. Keateka, yule mwangalizi wa ploti, alituonea huruma akatupa chai, lakini nyumba ilikuwa na mtu wa nne, aliyemlipa landilodi mwenyewe.

Mtu kuwa na ufunguo si kuwa na nyumba. Laiti ningegonga mlango wa jirani mmoja tu nikauliza, "Hapa kodi mnamlipa nani?" Ilikuwa dakika mbili.

MamaTindi
Pole baba. Polisi je?

BabaPachaKisumu
Niliandikisha, nikapewa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine kabisa. Nikafikiria Mahakama ya Madai Madogo, maana ile inasikiza madai hadi milioni moja na haihitaji wakili, lakini ningemshtaki nani? Ukimjua aliyekula pesa zako na anakoishi, nenda. Mimi nilikuwa na jina la uongo na risiti.

KeatekaLanet
Mimi ni keateka, mwaka wa tisa sasa. Matapeli huniudhi kwa sababu watu wakifika hapa na mizigo, mimi ndiye wa kuwaambia hakuna nyumba.

Ukipelekwa mahali, achana na ajenti kidogo, nenda kwa wapangaji. Uliza maji ya mfereji hufunguliwa siku gani. Mtu wa ploti atakujibu bila kufikiri: Jumanne na Ijumaa, au tuna kisima, au mtungi ndio huo. Anayekuambia "maji saa zote" hajawahi kubeba mtungi. Halafu uliza kodi hulipwa wapi. Ploti nyingi siku hizi zina Paybill au akaunti ya benki, na nambari imebandikwa ukutani kwa keateka. Lipa hapohapo wanapolipa wenzako. Ukiambiwa nambari ya ukutani ina shida, tumia hii yangu kwa leo, rudi nyumbani.

Na dada, huyo mtu wako ameandika Kiamunyi iko "dakika tano kwa miguu hadi mjini". Kutoka Kiamunyi watu hupanda matatu.

MamaTindi
Zile 500, tuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 uombe zirudishwe. Kama keshazitoa hazitarudi, lakini jaribu. Usifute mazungumzo yenu wala tangazo, lipige picha. Ripoti kituoni, au kwa wapelelezi wa DCI, 0800 722 203, haitozi. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa la jinai, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka mitatu. Najua 500 ni ndogo, lakini hujui wametuma wangapi.

NyotaYaMumias
Nimerudi. Nilimpigia ya video, akasema mtandao ni mbaya huko. Nikamwambia basi nitangoja hadi kesho upate mtandao. Akasema kesho nyumba imeenda. Nikamuuliza soketi za jikoni ni za pini ngapi. Akanyamaza, halafu akanizuia. Na zile 500 keshazitoa.

Nimeongea na shangazi yangu, anaishi Free Area. Atanipa chumba wiki mbili, mtoto atabaki na mamangu hadi nipate pangu. Nitatafuta kwa miguu nikitoka kazini.

JichoLaKondele
😂 Ya soketi umeniua.

FunguoZaNakuru
Karibu Nakuru dada. Ukitaka kutembezwa niambie, utalipa getini.

MzeeWaShabab
Ukishaziona karatasi zake.

KeatekaLanet
Ukipata, siku ya kuingia uje na kitasa kipya na fundi wa kukifunga. Hata kama nyumba ni halali. Hujui aliyehama alichonga funguo ngapi.